Siku ya Kuazima

Ukungu wa Murambi haukuwa na haraka. Ulipanda taratibu kutoka mabondeni, ukapita juu ya paa la mabati la nyumba ya mapumziko, ukaingia barazani bila hodi na kuketi pamoja na wageni. Inspekta Alimasi alikuwa amejinyoosha kwenye kiti cha ngozi ya ng'ombe, blanketi mabegani, kikombe cha chai kikimpasha viganja. Mtu wa Rumonge, mji wa ziwani, aliyezaliwa na kukulia kwenye joto na harufu ya dagaa, ndagala wa huko, walioanikwa, hajui la kuifanyia baridi ya namna hii ila kunyamaza na kuisikiliza. Ng'ambo ya bonde, kwenye kilima kingine, watu walikuwa wamekwisha anza kupiga ngoma. Ilikuwa tarehe mosi Julai, mwaka wa pili tangu nchi ijitawale, na Burundi nzima ilikuwa kwenye sikukuu.

Mwasiti, mkewe, alitoka chumbani amejifunga vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, akaketi kando yake na kuegemeza kichwa ukutani.

"Baba Kadidja," alisema, "nikikufa, munizike huku huku. Sijalala vizuri namna hii tangu tuoane."

"Huku watakuzika na blanketi tatu."

"Na iwe nne." Akacheka peke yake, macho kayafumba. "Karanga zako ziko mu kikapu. Nimekaanga zote. Sijui uliota nini. Miaka yote hii hujaniambia hata siku moja nikukaangie karanga za safari."

Alimasi akanywa chai. Hapa pana jambo ambalo Mwasiti hakulijua, na afadhali msomaji alijue mapema asije akamwonea inspekta huruma ya bure: mapumziko haya hayakuwa mapumziko.

Majuma mawili nyuma, siku ya Jumapili, ghala la mawese la Kigwena, kule chini ufukoni, liliungua adhuhuri, na mlinzi wake, mzee Idi, akafia ndani. Watu waliotoka kanisani walimkuta Bora, kibarua aliyekimbia vita vya Fizi ng'ambo ya ziwa, ameketi chini mbele ya moto, mikono yote miwili imeungua hadi viwikoni. Alisema alikuwa akimvuta mzee. Hakuna aliyemwamini. Mikono iliyoungua, ghala lililoteketea, mgeni asiye na ndugu wa kumsemea: wakubwa hawakuona haja ya kutafuta zaidi. Kesho asubuhi, sikukuu ikiisha, gari la gereza litamchukua Bora kumpeleka Bujumbura, na hukumu ya aliyeua kwa moto ilijulikana kabla hakimu hajakohoa. Mkubwa wa Alimasi alimpiga inspekta begani, akamwambia kesi imekwisha, achukue siku mbili akapumzike na mkewe.

Alimasi alishukuru, kisha akachagua mwenyewe pa kupumzikia.

Kilichomkosesha amani kilikuwa moshi. Ghala lililojaa mawese huwaka usiku na mchana, na moshi wake mweusi huonekana hadi Magara. Hili lilizimika jioni ile ile. Basi mapipa yalikuwa matupu, na mtu anayeuza mali ya tajiri wake kwa mlango wa nyuma huupenda sana moto unaofuta hesabu. Ufunguo wa chumba cha mapipa ulikuwa kwa mtu mmoja tu, Sylvestre, meneja wa ghala, bwana mwenye suti ya kijivu na marafiki kila ofisi.

Lakini Sylvestre hakuwa Kigwena siku ile. Alikuwa hapa hapa Murambi, na aliisimulia siku yake mbele ya Alimasi kwa sauti ya mtu anayemkumbuka mchumba. Alikunywa chai barazani mpaka ukungu ukaondoka. Akachukua fimbo, akaenda hadi kwenye maporomoko ya maji, akaoga, akalala majanini. Kisha akapita kwa bibi mmoja mwenye ng'ombe, bibi akampa maziwa, naye akaketi mlangoni pake akitafuna karanga na kuzishushia maziwa, akamgawia bibi kiganja kizima, wakazungumza mpaka ng'ombe wakarudi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hii ya Sylvestre ilikuwa ndefu, tena yenye maporomoko.

Askari alitumwa juu kuuliza, akarudi akasema yote ni kweli. Ikabaki njia moja. Alimasi aliamua kuiazima siku ile ya Sylvestre na kuivaa kama mtu anavyovaa kiatu kisicho chake, aone kitambana wapi.

Jean-Pierre, mtunzaji wa nyumba, alikuja kuongeza maji ya moto. Alikuwa mtu wa kilima kile kile, mrefu, koti lake la kazi limefungwa vifungo vyote hadi shingoni.

"Amahoro, Jean-Pierre."

"Amahoro, patron. Chai iko nzuri?"

"Iko nzuri sana. Kaa kidogo."

"Siwezi kukaa na wageni, patron."

"Basi simama, ila simama karibu. Jumapili ile ya moto, Bwana Sylvestre alikuwa hapa?"

"Askari aliniuliza ile. Alikuwa hapa. Alikuya Jumamosi mangaribi, akalala. Asubui akakunywa chai, akakamata fimbo, akaenda kutembea."

"Akarudi lini?"

"Ngombe zilikuwa zinarudi."

"Kati ya chai na ng'ombe, nani alimwona?"

Jean-Pierre akautazama ukungu kama shahidi aliyechelewa. "Mimi nilimuona akienda, nikamuona akirudi. Pale katikati siyui."

"Aliporudi, alikuwaje?"

"Alichoka. Na viatu vilikuwa maji tupu. Nilivianika ku moto."

Alimasi akaweka kikombe chini. Viatu vilivyolowa, tena kiangazi! Njia ya nyuma ya ghala la Kigwena hupita kwenye maji ya ufuko, na mtu asiyetaka kuonekana barabarani hupita huko. Moyo ulimdunda kwa furaha.

"Na gari lake lilikuwa wapi?"

"Siku ile hakupandisha. Alisema njia iko mubaya, itavunja gari. Aliliacha kule chini ku barabara kubwa, akapanda na miguu."

"Murakoze, Jean-Pierre."

"Kazi njema, patron," alisema Jean-Pierre, na Mwasiti, aliyekuwa amesinzia, akafumbua jicho moja.

Ukungu ulipoondoka waliondoka nao. Alimasi alitangulia na fimbo, Mwasiti nyuma na kikapu kichwani, na njia ikawapitisha katikati ya mikaratusi, kisha kwenye mashamba ya viazi, kisha kwenye nyasi zilizokauka zikawa na rangi ya mkate. Ngoma za kilima cha pili ziliwafuata, mara karibu, mara mbali, upepo ukizichezea. Kule chini ziwa lilikuwa limelala. Vumbi la kiangazi lilikuwa limeifuta milima ya Kongo, na mbingu na maji yalikuwa yameshikana hata usingeweza kusema moja linaishia wapi. Ungeweza kuamini hakuna ng'ambo, wala vita.

Mteremko ulipoisha njia iliingia kwenye kinamasi. Hapakuwa na daraja wala pa kuzungukia. Alimasi alikanyaga jani, jani likazama, na viatu vyake vyote viwili vikajaa maji hadi soksi.

Alisimama humo kinamasini akivitazama.

"Umepoteza kitu?" Mwasiti aliuliza. Yeye alikuwa amekwisha vua vyake.

"Nimepoteza," alisema Alimasi. Ule ushahidi wake mzuri wa asubuhi ulikuwa ukitoa mapovu miguuni pake. Kila apitaye huku hurudi amelowa, mkweli na mwongo vilevile. Alikasirika kweli, akatukana kinamasi kwa Kirundi, maana Kiswahili hakikumtosha.

Maporomoko hayakuwa makubwa. Maji yalishuka juu ya mwamba mweusi kama kitambaa kinachoteleza mezani, yakaingia kidimbwini bila kelele nyingi. Waliosha nyuso, Mwasiti akaimba kidogo, wakala mihogo iliyochemshwa na karanga, wakajilaza majanini. Jua lilikuwa la upole, la kupapasa. Alimasi alijiambia atafumba macho tu afikiri, na mara akawa chini ya maji anatembea katikati ya mapipa matupu, kila pipa lina mlango, na nyuma ya kila mlango kuna mtu anamwita kwa jina lisilo lake. Alipozinduka kivuli cha mwamba kilikuwa kimemfika kifuani.

"Hapa ndipo alipolala," alisema, bado nusu ndotoni.

"Nani?"

Inspekta akajua ameharibu.

Mwasiti aliinuka, akakaa. Alivuta majani yaliyoshika kwenye nywele zake, moja moja, akiyaweka gotini.

"Baba Kadidja. Weye umekuja kupumuzika ao kufanya kazi?"

"Yote mawili."

"Na karanga?"

"Sylvestre alikula karanga."

"Aa." Alitikisa kichwa pole pole. "Nami nilikuwa nakaanga niko naimba. Nikasema leo muzee amenikumbuka. Kumbe niko nakaangia dosye ya polisi."

Aliumia, na Alimasi aliona alivyoumia, akaona haya. Akamweleza yote: Sylvestre, moshi, mapipa, gari la gereza la kesho. Hakupamba. Mwasiti alisikiliza akiwa amempa mgongo.

"Ule Mukongomani," alisema hatimaye, "bibi yake ni yule anauzaka maandazi karibu na mosque? Mwenye mimba?"

"Ndiye."

Mwasiti alisimama, akakung'uta kitenge, akabeba kikapu. "Simama basi. Nyumba ya ule bibi wa ngombe iko wapi?"

Boma la Domitille lilikuwa juu ya kilima kinachofuata, limezungushiwa ua wa miti, na mbele ya nyumba pembe za ng'ombe aliyekufa zilikuwa zimesimikwa ardhini kuwaletea wenye nyumba heri. Domitille mwenyewe alikuwa mama mtu mzima mwenye mgongo ulionyooka na sauti ya kuamrisha. Alimasi alimsalimu kwa Kirundi, akajibiwa kwa "kaze, kaze", wakakaribishwa mkekani mlangoni. Hakuulizwa ni nani wala anatafuta nini. Domitille aliingia ndani, akatoka na chombo cha mti kilichopakwa weusi wa moshi, akampa Mwasiti kwa mikono miwili. Maziwa yalikuwa yamejaa hadi ukingoni.

Alimasi, mwaminifu kwa siku aliyoiazima, akatia mkono kikapuni, akatoa karanga, akatia mdomoni. Kisha akanyoosha kiganja kumgawia mwenyeji wake.

"Oya!"

Domitille alikataa kwa Kirundi huku akikirukia kile chombo. Alikinyakua mikononi mwa Mwasiti kabla hakijafika midomoni, kwa nguvu ambazo usingezitarajia, maziwa yakamwagika kwenye kitenge. Akarudi nyuma hadi ukutani, chombo kakikumbatia kifuani.

"Mmekula hizo?" aliuliza kwa Kirundi. "Wote wawili?"

"Wote wawili, bibi. Kuna nini?"

"Kuna nini! Mnataka kuniulia ng'ombe! Mtu aliyekula karanga hanywi maziwa mpaka jua lizame na kuchomoza. Ng'ombe ataumwa kiwele, maziwa yatakatika. Kwenu hakuna wazazi waliowafundisha?"

Alimasi alimeza karanga zilizobaki mdomoni kwa shida. Damu ilikuwa ikimpanda masikioni. Kule Rumonge, kwenye mtaa wao wa Waswahili, maziwa hununuliwa kwa chupa, na mtu hula akipendacho akashushia akipendacho, ng'ombe hajulikani hata jina.

"Utuwie radhi, bibi. Sisi ni watu wa ziwani, hatujui."

"Naona."

"Askari alikuja hapa siku zile. Alikuuliza nini?"

"Aliniuliza kama nilimpa mgeni maziwa. Nikamwambia ndiyo."

"Mgeni gani?"

"Nitajuaje? Ni mgeni gani amepita hapa nikamnyima?" Domitille akawatazama mmoja baada ya mwingine, na hasira ikaanza kumtoka, kicheko kikiingia mahali pake. "Ninyi ndio wa kwanza."

"Hakuna aliyewahi kuketi hapa mlangoni akala karanga na kunywa maziwa yako? Bwana wa suti ya kijivu, akakugawia na wewe kiganja?"

"Mimi? Nile karanga, kisha jioni nishike kiwele?" Alisema kwa upole sasa, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Nenda kaulize kilima kizima. Watakucheka."

Alimasi alishukuru mara nyingi kuliko adabu inavyodai. Walipotoka nje ya ua, Mwasiti alikuwa akipangusa maziwa kwenye kitenge chake.

"Hakuja huku," alisema.

"Hakuja. Alipita mbali akaona nyumba na ng'ombe, au alisimuliwa na Jean-Pierre, akajitungia yaliyobaki. Angesema tu alipewa maziwa, ningekuwa nimekwama. Ila mtu anayependa kusikilizwa hawezi kunyamaza mahali panapotosha."

Waliporudi kwenye nyumba ya mapumziko, mbele ya baraza palikuwa pamesimama kamyoneti ya buluu, gari dogo la mizigo. Sylvestre alikuwa amekalia kile kile kiti cha ngozi, suti yake ya kijivu imepigwa pasi, mezani amepanga nyama ya mbuzi ya kuchoma na chupa za limonadi.

"Inspekta! Bonne fête! Nimesikia uko huku, nikasema siwezi kukuacha ule viazi tu siku ya Uhuru. Mama, karibu. Kaa. Jean-Pierre, leta sahani!"

Alikuwa mchangamfu, na macho yake yalikuwa yakitembea kwenye viatu vya Alimasi vilivyolowa. Alikuja kupima maji, inspekta alijua, na hakuona ubaya. Alikaa, akakata nyama, akala. Mwasiti aliketi pembeni, akiondoa mifupa na takataka mezani.

"Nimefuata nyayo zako, Bwana Sylvestre. Maporomoko ni mazuri kweli."

"Si nilikwambia? Pale mutu anasahau hata jina yake."

"Nililala pale pale. Ila kwa yule bibi sikufaidi kama wewe. Hebu nisimulie tena, mke wangu asikie. Unasimulia vizuri."

Sylvestre alifungua mikono. Hakuna chambo kinachomshinda mtu wa namna ile. "Mama, sikia. Unafika, bibi anakuona, hakuulizi kitu. Anakuletea maziwa ya mu chombo cha mti, iko na harufu ya moshi. Mimi nilikuwa na karanga mu mufuko. Nikakaa ku mulango, natafuna karanga, nakunywa maziwa, natafuna, nakunywa. Nikamugawia na yeye, kiganja muzima. Alifurahi kama mutoto! Akakula zote, akaniongezea maziwa."

Sahani ziligongana. Jean-Pierre alikuwa amesimama nyuma ya kiti, na mdomo wake ulikuwa wazi.

"Kwa nani, patron?" aliuliza.

"Kwa yule bibi wako wa ngombe. Domitille."

"Domitille alikula karanga? Na wewe ukakunywa maziwa yake, na karanga mu mukono?" Jean-Pierre alitazama huku na huku kama anayetafuta wa kumsaidia kuelewa. Akacheka, cheko fupi la aibu, kisha uso ukamkauka. "Haiwezekani, patron. Huku kwetu hata mutoto muchanga anayua. Yule angekufukuza na fimbo. Mimi niliambia askari ulienda kwake kwa sababu ulisema wewe mwenyewe."

Sylvestre alijimiminia limonadi.

"Labda nilichanganya," alisema Sylvestre. "Labda karanga nilikula njiani."

"Ulimgawia kwa mkono wako. Umesema sasa hivi."

"Basi ilikuwa boma ingine."

"Lipi? Litaje, twende wote. Kila boma la huku litatujibu kama Jean-Pierre."

Sylvestre alitia nyama mdomoni, akaitafuna bila kuimeza.

"Njia ya gari ni mbaya sana, sivyo?" Alimasi aliendelea, kwa sauti ile ile ya mapumziko. "Siku ile uliogopa kuvunja gari, ukaliacha chini barabarani. Leo limepanda hadi mlangoni, na chupa hata moja haikupasuka. Jumapili ile ulitembea kweli, bwana. Ulishuka ukavuka kinamasi hadi kwenye gari lako, ukateremka Kigwena wakati watu wako misani, ukarudi. Jean-Pierre alikuona ukienda na kurudi, kama ulivyotaka. Kilichobaki ulikijaza maziwa."

Mkono wa Sylvestre ulipapasa mezani, kati ya chupa na sahani, ukapapasa tena.

"Funguo ya gari iko mu kikapu yangu," alisema Mwasiti. "Nilikuwa natoa takataka ku meza, nikatoa nayo."

Alimasi hakuwa amemwomba. Alimtazama mkewe, akampenda pale pale, mbele ya mtuhumiwa.

"Sasa iko hivi," alimwambia Sylvestre. "Pingu niliziacha ofisini, leo sikukuu. Unaweza kukimbia, vilima ni vingi. Ila Jean-Pierre atapiga ukelele mmoja tu, na kila kilima kimejaa watu wasio na kazi leo. Au unaweza kutupeleka Rumonge. Mimi sijui kuendesha."

Sylvestre aliikunja leso yake mara mbili, akaiweka mfukoni. Akanyoosha mkono kuomba funguo.

Waliteremka wakati jua limeanza kuinama. Alimasi alikaa mbele, kando ya dereva wake; Mwasiti alikaa nyuma, upepo ukimjaza vitenge. Kila kona ziwa lilijitokeza kidogo zaidi, na joto la chini lilianza kuwapanda miguuni. Sylvestre aliendesha kwa uangalifu mkubwa, akikwepa kila shimo, na baada ya muda Alimasi alielewa kwamba alikuwa akiirefusha njia.

"Kanyaga," alisema. "Kuna mtu anangoja."

Gari likaongeza mwendo. Michikichi ya kwanza ilikuwa imeanza kuonekana chini Sylvestre aliposema, macho yakiwa barabarani, "Idi huwa hayuko siku ya Jumapili. Anaenda kwake. Miaka yote anaenda kwake. Sikuangalia ndani."

"Alikuwa na homa. Bora alikuwa amempelekea uji asubuhi, ndiyo maana alijua yumo."

Kuanzia hapo hadi Rumonge Sylvestre hakukwepa tena shimo hata moja.

Mjini watu walikuwa wakicheza barabarani, bendera kila mahali, na kamyoneti ilibidi ipite pole pole katikati ya wachezaji waliompungia mkono meneja wa mawese. Kituoni askari wa zamu alitoka akifunga mkanda. Alimasi alimkabidhi Sylvestre, akasubiri aandikwe kitabuni, akachukua ufunguo wa mahabusu mwenyewe.

Bora alikuwa ameketi ukutani. Aliposikia kufuli aliinua kichwa.

"Gari ya gereza imefika, afande? Balisema kesho."

"Haikuja, wala haiji. Sylvestre amekamatwa. Weye unaenda kwako kwa mke wako."

Bora alimtazama kama aliyeambiwa maneno ya lugha asiyoijua. Nje watu walishangilia kitu, ngoma zikapamba moto. Hakusimama.

"Muzee Idi," alisema, "balimuzika wapi?"

"Makaburi ya Waislamu, kule juu ya njia ya Kigwena. Nitakupeleka kesho, ukipumzika."

"Nipeleke leo, afande. Nilimuvuta mpaka karibu ya mulango, paa ikaanguka. Moshi ilikuwa mingi, hakuniona. Alikuwa anaita, Bora, Bora, njo basi, sawa vile mutu anaita ule amesimama nje." Akaitazama mikono yake. "Nataka kumuambia kwamba nilikuwa ndani."

Alimasi alimsaidia kusimama kwa kumshika kiunoni. Mlangoni Mwasiti aliwapisha, kisha akaifuata njia ya makaburini pamoja nao, na jua lilikuwa bado halijagusa maji.